Damu ya Kijana Mwanariadha: Wingi Wake, Wekundu Wake na Majina Yake

Kijana aliyeanza mazoezi makali ya mbio ndefu, akipimwa damu baada ya majuma machache, aghalabu huonekana kwamba kipimo chake cha hemoglobini kimeshuka. Kwa lugha ya kawaida ataambiwa kuwa ana "upungufu wa damu". Lakini kama damu yote iliyomo mwilini mwake ingalipimwa siku ile ile, huenda ingalionekana imezidi ile aliyokuwa nayo kabla ya kuanza mazoezi. Hivyo kipimo chasema damu imepungua, na mwili wenyewe wasema imeongezeka. Sehemu kubwa ya mgongano huo ni ya lugha, kwa kuwa neno moja, damu, limebebeshwa mambo mawili yasiyokwenda pamoja sikuzote: wingi wa damu na wekundu wa damu. Makala haya yakusudia kueleza jinsi mazoezi makali yanavyobadili damu na mzunguko wake katika mwili wa kijana, na kuonyesha mahali ambapo istilahi za Kiswahili zayasaidia maarifa hayo na mahali ambapo zayatatiza.

Mzunguko na mishipa

Kwamba damu huzunguka mwilini na kurudi ilikotoka ni jambo lililothibitishwa na William Harvey, tabibu wa Uingereza, katika kitabu alichokitoa mwaka 1628. Karne nne hivi kabla yake Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, alikuwa amekwisha kueleza kwamba damu itokayo upande wa kulia wa moyo hupita mapafuni kabla ya kufika upande wa kushoto. Moyo, basi, ni pampu mbili zilizoshikamana. Ile ya kulia huipeleka damu mapafuni ikachukue oksijeni, na ile ya kushoto huisambaza mwilini kote. Kwa mtu mzima aliyetulia, kila upande husukuma yapata lita 5 kwa dakika, kiasi kilicho karibu sawa na damu yote aliyo nayo.

Njia ambazo damu hupita huitwa mishipa. Neno hili lina uzito wake katika Kiswahili, na mipaka yake ni mipana mno kwa kazi ya elimu. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 yaonyesha kwamba mshipa ni jina la njia ya damu itokayo moyoni, la njia ya damu irudiyo moyoni, na hata la uzi wa fahamu. Tena ni jina la maradhi ya ngiri. Msemaji wa kawaida hapotei, maana mazingira ya usemi humwonyesha lipi limekusudiwa. Anayeeleza mzunguko wa damu hana msaada huo, kwa sababu sentensi moja huweza kuhitaji maana tatu kati ya hizo. Ndiyo sababu maneno ateri, vena na kapilari yamekubaliwa: ateri ni mshipa utoao damu moyoni, vena ni mshipa uirudishao, na kapilari ni vimishipa vyembamba mno viunganishavyo ateri na vena, ambamo chembe nyekundu hupita karibu moja moja. Ni katika kapilari ndipo oksijeni hutoka katika damu na kuingia katika msuli. August Krogh wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1920 kwa kueleza jinsi kapilari za misuli zinavyoongozwa kulingana na haja ya msuli wenyewe.

Hesabu ya oksijeni

Msuli ufanyao kazi kwa muda mrefu huhitaji oksijeni bila kukoma. Mwaka 1870 Adolf Fick wa Ujerumani alitoa kanuni ambayo hata leo ndiyo msingi wa elimu hii: oksijeni itumiwayo na mwili kwa dakika moja ni sawa na kiasi cha damu kilichosukumwa na moyo katika dakika hiyo, kikizidishwa kwa kiasi cha oksijeni kilichoachwa mwilini na kila lita ya damu. Kwa hiyo mtu atakaye kutumia oksijeni zaidi hana budi kufanya moja kati ya mambo mawili, au yote mawili: asukume damu nyingi zaidi, au kila lita ya damu yake itoe oksijeni zaidi.

Katika hali ya utulivu, misuli hupata yapata sehemu moja katika tano ya damu isukumwayo. Katika mbio kali hupata zaidi ya sehemu nne katika tano, kwa sababu ateri ziendazo tumboni na kwenye figo hubana na zile ziendazo kwenye misuli hutanuka. Wakati huo moyo wa mtu mzima asiye na mazoezi huweza kusukuma lita 20 hivi kwa dakika, na ule wa mwanariadha bingwa wa mbio ndefu hukaribia lita 40. Tofauti hiyo haitokani na wepesi wa mapigo. Mapigo ya juu kabisa ya moyo wa kijana ni yapata 200 kwa dakika, afanye mazoezi asifanye. Lililobadilika ni kiasi cha damu kitokacho kwa kila pigo.

Hapa Kiswahili cha viwanjani kina neno la kutazamwa, nalo ni pumzi. Mchezaji asiyechoka husemwa kuwa "ana pumzi", na aliyechoka "amekwisha pumzi". Usemi huu waielekeza akili kwenye mapafu. Lakini kwa watu wengi wenye afya, wakimbiapo usawa wa bahari, mapafu huweza kuitia damu karibu oksijeni yote inayoweza kubebwa. Kinachowazuia ni uwezo wa moyo kusukuma na uwezo wa damu kubeba. Neno pumzi lina haki yake katika usemi, mradi mwalimu wa michezo asidhani kwamba linamwonyesha mahali pa kazi.

Moyo uliokua na moyo ulioharibika

Mwaka 1899 Salomon Henschen, tabibu wa Sweden, aliwachunguza watu washindanao kuteleza thelujini kwa mbao zivaliwazo miguuni. Kwa kugonga vifua vyao kwa vidole na kusikiliza mlio tu, alitambua kwamba mioyo yao ilikuwa mikubwa kuliko kawaida, akasema kwamba ukubwa huo ulikuwa wa manufaa kwa kazi yao. Kwa miaka mingi matabibu wengine waliendelea kushuku kwamba moyo mkubwa ni moyo mgonjwa, hata vyombo vya kuutazama moyo ukiwa kazini vikaja kuthibitisha maneno yake.

Mazoezi ya mbio ndefu hupanua chumba cha chini cha kushoto cha moyo, na ukuta wake huongezeka unene kwa kadiri inayolingana na upana huo. Chumba kilichopanuka hujaa damu zaidi, na pigo moja hutoa zaidi. Kwa kuwa mwili uliotulia wahitaji lita zile zile 5 kwa dakika, moyo wa namna hii hupiga polepole, labda mara 40 au 50 kwa dakika badala ya 70. Mazoezi yakiachwa kwa miezi, moyo hurudi nyuma kwa sehemu kubwa.

Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, maneno "moyo kupanuka" au "moyo mkubwa" ni jina la maradhi. Katika maradhi hayo chumba hupanuka kwa sababu msuli wa moyo umedhoofika, na damu itolewayo kwa kila pigo hupungua kwa kulinganishwa na ile iliyojaa. Yako pia maradhi ya kurithiwa ambayo ukuta wa moyo hunenepa bila mpango na kukifinya chumba, nayo ni miongoni mwa sababu za vifo vya ghafula vya vijana viwanjani. Kwa ajili ya hatari za namna hii, sheria ya Italia ya mwaka 1982 ilimlazimisha kila mshindani kuchunguzwa kabla ya kuruhusiwa kushindana, pamoja na kupimwa umeme wa moyo. Kijana atajwaye kuwa na "moyo mkubwa" aweza basi kuwa na mojawapo ya mambo matatu, na jina halimwambii ni lipi. Ingefaa "moyo wa mwanariadha" ubaki kuwa jina la ule uliokua kwa kazi, na "kutanuka kwa moyo" kuachiwa maradhi. Mtu mwenye moyo wa mwanariadha hazimii akimbiapo wala haumwi na kifua. Dalili hizo zikitokea, uchunguzi haungojei ubishi wa majina.

Kwa watoto ambao hawajabaleghe, mabadiliko haya huwa madogo. Mazoezi huongeza uwezo wao wa kutumia oksijeni kwa asilimia chache tu, ambapo kwa mtu mzima aliyekuwa hana mazoezi ongezeko huweza kuwa kubwa mara mbili au tatu ya hilo. Mwalimu amzidishiaye mtoto wa miaka 10 mazoezi ya mtu mzima hapati faida ilingganayo na uchovu anaousababisha.

Damu yenyewe

Damu ina sehemu mbili kubwa: maji yaitwayo plazima, na chembe zielezo ndani yake. Chembe nyekundu zina hemoglobini, kitu chenye madini ya chuma ambacho huibeba oksijeni na kuipa damu rangi yake. Gramu moja ya hemoglobini hubeba yapata mililita 1.34 za oksijeni. Hivyo lita moja ya damu yenye gramu 150 hubeba mililita 200 hivi.

Mazoezi makali yakianza, plazima ndiyo iongezekayo kwanza, na huongezeka katika siku chache tu. Figo huzuia chumvi na maji yasitoke, na protini ya damu iitwayo albumini huongezeka na kuyavuta maji ndani ya mishipa. Chembe nyekundu hufuata nyuma kwa mwendo wa pole. Figo hutoa homoni iitwayo erithropoietini, nayo huuamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe zaidi. Kazi hiyo huchukua majuma na miezi. Kwa muda mrefu, basi, maji yametangulia na chembe hazijafika.

Mfano wa hesabu utalionyesha jambo hili. Tuseme msichana wa miaka 16, mwenye kilo 45, ana lita 3 za damu, na kila lita ina gramu 130 za hemoglobini. Jumla ya hemoglobini yake ni gramu 390. Baada ya msimu wa mazoezi ana lita 3.6, na kila lita ina gramu 118. Kipimo kimeshuka chini ya 120, ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kuwa mpaka kwa wasichana wa umri huo wasio wajawazito. Lakini 3.6 mara 118 ni gramu 425 hivi. Msichana huyu ana damu zaidi, tena ana hemoglobini zaidi kwa gramu 35. Isipokuwa imetandazwa katika maji mengi. Moyo wake hujaa vema, na damu yake, kwa kuwa ni nyepesi, hupita katika kapilari kwa urahisi. Kumwambia kwamba amepungukiwa na damu ni kusema kinyume cha yaliyomo mwilini mwake.

Majina matatu

Kiswahili kina angalau majina matatu ya hali hii. La kale ni safura, lenye asili ya Kiarabu katika neno la rangi ya manjano. Safura humtaja mtu aliyepauka na kukosa nguvu, na kwa desturi limeambatana na minyoo inyonyayo damu matumboni. Ni jina la sura ya mgonjwa pamoja na chanzo kimoja cha ugonjwa wake. La pili ni upungufu wa damu, nalo lina haki kamili pale ambapo damu yenyewe imepungua, kama kwa mama aliyetokwa na damu nyingi katika uzazi au mtu aliyejeruhiwa. La tatu husikika katika zahanati na kliniki za Tanzania: upungufu wa wekundu wa damu. Jina hili limezaliwa katika kazi, vinywani mwa wauguzi wanaowaeleza kina mama maana ya kipimo, nalo limewapita wenzake wote kwa usahihi. Wekundu ndio hemoglobini, na kinachopimwa ni wekundu.

Lakini hata jina hilo zuri lahitaji kukatwa mara mbili. Kipimo cha kawaida huonyesha wekundu uliomo katika kila lita. Hakionyeshi wekundu wote uliomo mwilini. Kwa watu wengi viwili hivyo hupanda na kushuka pamoja, na hakuna hasara katika kuvichanganya. Kwa mwanariadha huachana njia, kama mfano wa msichana ulivyoonyesha. Yafaa basi kusema "ukolevu wa wekundu" kwa kile cha lita, na "jumla ya wekundu" kwa kile cha mwili. Neno kukolea lajulikana kwa kila apikaye au atiaye nguo rangi: chai ile ile ikiongezwa maji hupungua ukolevu, na majani yaliyotiwa hayakupungua.

Upungufu wa kweli

Haifuati kwamba kila kipimo kilichoshuka kwa mwanariadha ni cha kupuuzwa. Hatari ya upande wa pili ni kubwa sawasawa, hasa kwa wasichana. Kila gramu ya hemoglobini ina yapata miligramu 3.4 za chuma. Zile gramu 35 alizoongeza msichana wa mfano zilihitaji miligramu 120 hivi za chuma, juu ya mahitaji yake ya kila siku. Matumbo ya mtu hufyonza miligramu 1 au 2 tu kwa siku kutoka katika chakula, na msichana hupoteza chuma kila mwezi katika hedhi. Hata angalipata miligramu 1 ya ziada kila siku, angalihitaji miezi minne kulilipa deni hilo.

Mazoezi yenyewe huliongeza deni. Mwaka 1881 tabibu mmoja wa Ujerumani alimweleza askari aliyetokwa na mkojo mwekundu baada ya kwata za safari ndefu. Yajulikana sasa kwamba kishindo cha nyayo huvunja baadhi ya chembe nyekundu. Tena saa chache baada ya mazoezi makali, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo huuzuia utumbo usifyonze chuma. Chakula nacho kina sehemu yake. Nafaka na maharage vina chuma, lakini pia vina vitu vinavyokishika kisitoke, na chai inywewayo pamoja na chakula hukizuia zaidi. Machungwa, maembe na mboga mbichi husaidia kifyonzwe, na nyama na samaki hutoa chuma kilicho rahisi kuingia mwilini. Katika nchi za malaria na minyoo, sababu hizo mbili haziwezi kusahauliwa.

Tabibu huzitenga hali hizi mbili kwa vipimo vingine. Mwenye upungufu wa chuma ana chembe ndogo zilizopauka, na feritini yake, yaani kipimo cha akiba ya chuma, iko chini. Mwenye damu iliyoongezeka maji tu ana chembe za ukubwa wa kawaida, na akiba yake ipo. Wa kwanza huchoka upesi na muda wake wa mbio huharibika. Wa pili huzidi kuwa hodari. Kumpa wa pili vidonge vya chuma bila haja kwaweza kumdhuru, na kumnyima wa kwanza ni kumdhuru kwa hakika.

Vijana wa nyanda za juu

Michezo ya Olimpiki ya Mexico City, mwaka 1968, ilifanyika mita 2,240 juu ya bahari. Wakenya Naftali Temu na Kipchoge Keino walishinda huko mbio za mita 10,000 na mita 1,500, na tangu hapo watu wengi wamesema kwamba wakimbiaji wa nyanda za juu wana "damu ya pekee". Katika mahali pa juu oksijeni huingia kwa shida, figo hutoa erithropoietini zaidi, na ukolevu wa wekundu huongezeka. Hilo ni kweli. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliowalinganisha wakimbiaji hodari wa Kenya na wa Ujerumani, haukuona tofauti ya maana katika jumla ya wekundu wala katika wingi wa damu. Makundi yote mawili yalikuwa na yapata mililita 100 za damu kwa kila kilo ya mwili, ambapo mtu wa kawaida ana 70 hadi 80. Damu hiyo nyingi ilikuwa ya mazoezi, na kabila halikuwa na sehemu ndani yake.

Utafiti mwingine, uliochapishwa na Bengt Saltin na wenzake mwaka 1995, uliwahusu pia wavulana wa Kenya wasio wanariadha. Wale wasiokuwa na zoea la kutembea wala kukimbia waliweza kutumia mililita 47 hivi za oksijeni kwa kila kilo kwa dakika. Wenzao wa umri ule ule, waliotembea au kukimbia mwendo mrefu kila siku, walifika zaidi ya 60. Hawakuwa na mwalimu wa riadha wala saa ya kupimia muda.

Wako watafutao njia ya mkato kwa sindano ya erithropoietini, ambayo ilipigwa marufuku katika michezo ya Olimpiki mwaka 1990. Mazoezi huongeza maji kwanza na chembe baadaye, na damu hubaki nyepesi. Sindano huongeza chembe na hupunguza plazima; damu hunenepa, moyo husukuma kwa taabu, na hatari ya kuganda kwa damu mishipani huongezeka. Katika methali damu nzito ni sifa ya undugu. Katika mishipa ya kijana akimbiaye ni hatari.

Jambo la istilahi

Yaliyoelezwa hapa yahitaji maneno machache tu: ateri, vena na kapilari mahali pa mshipa, kila itakapobidi kutenga, moyo wa mwanariadha mbali na kutanuka kwa moyo, wingi wa damu, ukolevu wa wekundu na jumla ya wekundu mahali pa neno moja damu. Kwa maneno hayo muuguzi wa zahanati ya shule aweza kumwambia msichana mkimbiaji: "Wekundu wa damu yako haujakolea kama zamani. Huenda ni kwa sababu damu yako imeongezeka, na huenda ni kwa sababu chuma kimekwisha. Tutapima akiba yako ya chuma, ndipo tutajua." Sentensi hizo tatu zaeleweka kwa msichana mwenyewe, kwa mzazi wake na kwa mwalimu wake, wala hazimwogopeshi mzima wala kumtuliza mgonjwa bure.